Faini ya Sh 100 kwa siku: kisa cha vitabu viwili katika maktaba moja ya Kigoma

Kuhusu kisa hiki

Maktaba inayozungumziwa ni ya jamii, ndani ya Manispaa ya Kigoma Ujiji. Jina lake, mtaa ilipo na majina ya wahusika yameondolewa. Tarehe zimegeuzwa kuwa namba za siku, siku ya 0 ikiwa ile vitabu vilipoazimwa. Viwango vya fedha vimesogezwa kidogo, vyote kwa pamoja, ili uwiano usiharibike. Walengwa ni wakutubi, walimu wanaoshika funguo za maktaba za shule, na kamati zinazokaa kupanga ada.

Mazingira

Maktaba hii haiko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo ndiyo inayoendesha maktaba za mikoa. Inasimamiwa na kamati ya watu saba, ina mkutubi mmoja mwenye cheti na makarani wawili wa zamu. Inafunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi. Kumbukumbu zote ni za mkono: rejista ya vitabu, kadi ya kila kitabu, karatasi ya tarehe iliyobandikwa ndani ya jalada, na daftari la wadaiwa.

Masharti yalikuwa yamebandikwa ukutani tangu maktaba ifunguliwe. Msomaji anaazima vitabu viwili kwa siku 14. Akichelewa, Sh 100 kwa kila kitabu kwa kila siku, bila kikomo. Kitabu kikipotea, analipa bei yake na Sh 2,000 za usumbufu. Kujiunga kunahitaji amana ya Sh 5,000 na mdhamini mtu mzima mwenye barua ya serikali ya mtaa. Sharti la mwisho, lililoandikwa kwa kalamu chini ya yale yaliyochapwa, lilisema: "Kitabu kilichochelewa hakipokelewi bila faini." Hakuna mwanakamati aliyekumbuka ni nani aliyeliongeza.

Kwa mtu mwenye mshahara, Sh 100 si kitu. Lakini wasomaji wengi wa maktaba hii ni wanafunzi, na wengi wao wanaishi mjini kwa ndugu huku wazazi wakiwa vijiji vya mwambao, kaskazini ya mji. Vijiji vile watu huvifikia kwa boti kutoka mwalo wa Kibirizi. Fedha huko haiji mwisho wa mwezi. Inafuata mwezi wa angani: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikishika wavuvi hupumzika, na mifuko nayo hupumzika. Juu ya hilo kuna kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024, kwa mfano, shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Likizo ya Juni ya shule inaangukia katikati kabisa ya kipindi hicho.

Yaliyotokea

Msomaji ni msichana wa kidato cha tatu, anayeishi kwa shangazi yake, muuza dagaa sokoni. Shangazi ndiye mdhamini wake. Siku ya 0 aliazima kitabu cha Kemia (bei iliyoandikwa kwenye rejista Sh 14,000) na riwaya moja ya Kiswahili (Sh 8,000). Vilitakiwa kurudi siku ya 14.

Siku ya 9 shule zilifungwa akaenda kwa wazazi, vitabu vikiwa begini. Nia yake ilikuwa asome likizoni, na hicho ndicho maktaba inachomhimiza kila mwanafunzi kufanya. Ziwa lilikuwa limefungwa, baba hakuwa na kazi, na nauli ya kurudi ikapatikana shule zilipokaribia kufunguliwa.

Siku ya 38 alifika kwenye meza ya kuazimia. Vitabu vilikuwa vimechelewa siku 24, hivyo faini ilikuwa Sh 4,800 kwa vyote viwili. Alikuwa na Sh 2,000. Karani wa zamu akamwambia, "Faini kwanza, binti. Nikivipokea hivi, mimi ndiye nitakayeulizwa." Akaondoka navyo.

Hapo ndipo kisa kilipogeuka. Dakika moja kabla, maktaba ilikuwa na vitabu vyake mezani, vizima, na Sh 2,000 taslimu. Dakika moja baadaye haikuwa na chochote, na mita ya faini ikaendelea kuzunguka.

Siku ya 59 barua ya kwanza ilipelekwa shuleni: Sh 9,000. Ilisomwa mbele ya darasa pamoja na majina mengine. Tangu siku hiyo msichana hakukanyaga tena maktaba, hata kusoma mezani, ingawa kusoma mezani hakukuwa na malipo. Siku ya 80 mdogo wake wa darasa la saba alikwenda kujiandikisha, akakataliwa kwa kuwa mdhamini wake ni yule yule shangazi "mwenye deni". Shangazi alikuja mwenyewe jioni ile, akakuta imefika Sh 13,200. Aliuliza swali ambalo karani hakuwa na jibu lake: kitabu cha riwaya kinauzwa shilingi ngapi dukani?

Swali lilikuwa la hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Riwaya ikitangazwa imepotea, deni ni Sh 10,000 na linaishia hapo. Isipotangazwa, faini yake inafikia Sh 10,000 baada ya siku 100 za kuchelewa na inaendelea. Kemia, ambayo ikipotea deni lake ni Sh 16,000, inafika hapo baada ya siku 160. Kuanzia siku hizo, masharti ya maktaba yanamlipa mtu aseme kitabu kimepotea, hata kama kiko chini ya mto wake wa kulalia.

Kamati ilichofanya, na kwa nini

Mkutubi alipeleka suala hili kwenye kikao cha siku ya 91. Hakulipeleka kama ombi la huruma. Alikuja na daftari la wadaiwa na rejista, na kabla ya kikao alikuwa amefanya kazi ambayo ingestahili kufanywa kila mwezi: alichukua kila jina kwenye daftari, akaenda rafuni kutafuta kitabu kinachodaiwa. Alitafuta mahali pa namba yake, rafu ya juu na ya chini yake, kwenye rundo la vitabu vinavyosubiri kubandikwa, na kwenye meza ya vilivyorudishwa ambavyo havijapangwa. Vingine alivikuta. Vilikuwa vimerudi zamani, kadi zikasahaulika kutolewa kwenye sanduku la walioazima. Watu hao walikuwa wanadaiwa vitabu vilivyokuwa nyuma ya mgongo wa karani.

Jambo la pili alilolionyesha ni jinsi wadaiwa walivyojigawa. Waliochelewa siku chache walirudi wenyewe, wakalipa mia tatu au mia tano, wakaazima tena. Deni likipita kiasi ambacho familia inaweza kutoa kwa mara moja, mtu hapunguzi deni, anapotea. Kwa maneno mengine, faini ilikuwa inafanya kazi kwa wale ambao wangerudi hata bila faini.

Tatu, alihesabu siku za kufungwa. Katika zile siku 24 za kwanza kulikuwa na Jumapili nne na siku sita za ukaguzi wa vitabu, mlango ukiwa na kufuli. Siku kumi, vitabu viwili: Sh 2,000 kati ya Sh 4,800 zilikuwa za siku ambazo hakuna mtu angeweza kurudisha kitabu hata angetaka.

Ubishi ulikuwepo. Mwanakamati mmoja, mwalimu mstaafu, alisema watoto wakizoea kusamehewa hawatajua thamani ya mali ya umma. Mweka hazina alikuwa na hoja nzito zaidi: faini ndizo zilizokuwa zikinunua gundi, karatasi na umeme wa LUKU mwisho wa mwezi. Hoja ya mwalimu ilijibiwa kwa daftari. Ya mweka hazina haikujibiwa vizuri, na matokeo yake yanaonekana mbele.

Yaliyoamuliwa:

1. Kitabu kinapokelewa saa yoyote, kwa hali yoyote, bila kutaja fedha. Deni, kama lipo, linaandikwa pembeni na kuzungumzwa baadaye. Sharti la kalamu likafutwa siku ile ile.
2. Wasomaji walio chini ya miaka 18 hawatozwi faini ya kuchelewa. Hawaazimi kingine mpaka walichonacho kirudi, basi.
3. Watu wazima wanabaki na Sh 100 kwa siku, lakini siku za kufungwa hazihesabiwi, na faini inakoma ikifika Sh 2,000 kwa kitabu.
4. Mdhamini anawajibika kwa kitabu kilichopotea tu. Deni la mtoto mmoja halimzuii mwingine.
5. Anayetoka nje ya mji anaandikiwa siku 28 tangu mwanzo, na anaweza kuongezewa muda kwa simu: anabipu, karani anampigia, anasogeza tarehe kwenye kadi.
6. Wiki nne za msamaha kwa madeni yote ya zamani.

Lilipendekezwa pia kwamba wasio na fedha walipe deni kwa kufagia na kupanga vitabu. Kamati ilikataa, na ilifanya vyema. Mtoto anayefagia mbele ya wenzake kwa sababu ya deni anakuwa ameadhibiwa mara ya pili kwa umaskini ule ule, na atakayemwona hataleta kitabu chake.

Namna msamaha ulivyoendeshwa

Ulianza siku ya 98 na kumalizika siku ya 126. Sanduku la mbao lenye tundu la upana wa kitabu kikubwa liliwekwa barazani, ili mtu arudishe bila kuonana na karani. Tangazo halikupelekwa shuleni peke yake, maana shuleni ndiko aibu ilikotokea. Lilitolewa msikitini baada ya swala ya Ijumaa, makanisani Jumapili, sokoni kwa kipaza sauti, na lilibandikwa mwaloni. Maneno yake yalikuwa machache: leta kitabu, hutaulizwa, hutalipa. Neno "wadaiwa" halikutumika.

Kwa vijiji vya mwambao, mkutubi alizungumza na manahodha wawili wa boti za abiria. Kila mmoja alipewa ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, iliyooshwa na kukaushwa, na orodha ya mistari mitupu. Anayeleta kitabu anaandika namba iliyo ndani ya jalada, si jina lake. Nahodha anasaini anapokabidhi mjini. Ndoo inafungwa kamba chini ya kiti cha katikati; mbele ya boti ndiko mawimbi yanakorukia. Malipo ya nahodha yalikuwa nauli ya mzigo mdogo kwa kila safari aliyoleta kitu, na kamati ilizitoa kwenye fungu la posta, kwa vile barua za madai zilikuwa zimesitishwa.

Ndoo ya kwanza ilifika na kasoro. Mfuniko haukubanwa, vitabu vitatu vikalowa. Vilisimamishwa wima kivulini penye upepo, kurasa zikafunguliwa kidogo kama kipepeo, na karatasi nyeupe zikachomekwa kila baada ya kurasa kumi na kubadilishwa zinapolowa. Karani alitaka kuvianika juani. Mkutubi akamzuia, kwa sababu jua hukausha haraka lakini hupinda jalada na kupasua gundi ya mgongo. Viwili vilipona. Cha tatu kilikuwa tayari na ukungu, kikatengwa kwenye boksi peke yake. Kitabu chenye ukungu hakirudi rafuni hata kama kinasomeka, kwa kuwa huambukiza majirani zake.

Matokeo

Siku ya 103 vitabu vya msichana vilikutwa ndani ya sanduku la barazani, asubuhi, vimefungwa kwa kanga kuukuu. Vilikuwa vimechelewa siku 89. Kwa masharti ya zamani angedaiwa Sh 17,800. Kemia ilikuwa na doa la maji pembeni, riwaya ilikuwa nzima. Siku kumi na moja zaidi, na kuitangaza riwaya imepotea kungekuwa sawa na kulipa faini yake.

Mdogo wake aliandikishwa wiki iliyofuata. Shangazi alisaini fomu baada ya kusomewa sharti jipya la mdhamini mara mbili. Msichana mwenyewe hakurudi kuazima muhula ule. Alionekana akisoma mezani pamoja na rafiki yake, na kadi yake ilikaa kwenye sanduku bila kuguswa mpaka mwaka uliofuata. Kufuta deni kulichukua dakika moja ya karani. Kilichofanyika darasani siku ya 59 hakikufutika kwa kalamu.

Wengi wa wadaiwa wa muda mrefu walirudisha angalau kitabu kimoja. Baadhi ya vitabu havikurudi kabisa, hasa vya waliohama au kumaliza shule.

Uchambuzi

Uamuzi uliofanya kazi kuliko yote ni wa kwanza, na haukugharimu kitu. Kukataa kitabu mpaka fedha ije ni kugeuza kitabu kuwa rehani, na rehani hii inashikwa na mdaiwa, jambo ambalo halina maana popote. Maktaba ambayo haiwezi kufuta faini kwa sababu ya bajeti inaweza kubadilisha jambo hili moja kesho asubuhi.

Faini yenyewe inahitaji kuangaliwa bila ushabiki. Kuna utafiti wa Uri Gneezy na Aldo Rustichini, uliochapishwa mwaka 2000, uliofanyika katika vituo vya kulelea watoto huko Haifa, Israeli. Wazazi waliochelewa kuwachukua watoto waliwekewa faini ndogo. Kuchelewa kuliongezeka, na faini ilipoondolewa hakukupungua. Wazazi walikuwa wameanza kuiona faini kama bei ya huduma. Mantiki hiyo ilionekana Kigoma kwa watu wazima wenye kipato: kwa mfanyakazi mmoja wa ofisi, Sh 700 kwa wiki ilikuwa kodi nafuu ya kukaa na kitabu cha mitihani, na alilipa kwa tabasamu. Kiasi hicho hicho kilimfungia mlango mtoto wa mvuvi. Kwa hiyo faini moja ilikuwa hafifu kwa mmoja na kali kwa mwingine, na hakuna aliyesukumwa nayo kurudisha.

Maktaba nyingi za nje zimeshaachana nayo. Ireland ilifuta faini za kuchelewa Januari 2019, Chicago Oktoba mwaka huo huo, na maktaba za jiji la New York Oktoba 2021. Chicago ilitangaza kwamba katika wiki za mwanzo urejeshaji wa vitabu uliongezeka kwa asilimia 240. Mifano hii inatia moyo, ila isichukuliwe mzima mzima. Maktaba zile zinaendeshwa kwa fedha za umma na zina mifumo ya kompyuta inayomkumbusha msomaji kabla ya tarehe. Hapa faini ilikuwa inawasha taa.

Na hapo ndipo mpango ulipoyumba. Mwezi wa pili baada ya mabadiliko, umeme uliisha na gundi hazikununuliwa. Kamati iliziba pengo kwa kupandisha bei ya kutoa nakala, tozo nyingine inayowaangukia wanafunzi wale wale. Ilitakiwa kabla ya kikao mweka hazina apewe karatasi yenye safu mbili: faini zilizokusanywa kwa mwaka, na upande wa pili barua, simu, saa za karani na bei ya vitabu visivyorudi. Maktaba nyingi ndogo zikikaa kufanya hesabu hii zitaona faini inawala. Lakini hesabu isipofanywa hadharani, anayepinga ana haki ya kupinga.

Kosa la pili lilikuwa kuvichukulia vitabu vyote kuwa sawa. Miezi miwili kabla ya mtihani wa kidato cha nne, nakala chache za Fizikia na Hisabati ziliganda kwa watu wachache. Mtoto haogopi faini, na kutoazima kingine si adhabu kwake, maana kitabu alicho nacho ndicho anachokitaka. Suluhisho lilipatikana kwa kuchelewa: nakala moja ya kila kitabu cha mtihani haitoki kabisa, na nyingine zinaazimwa kwa usiku mmoja tu, kuanzia saa 10 jioni hadi saa 3 asubuhi, kwa orodha ya majina iliyo wazi mezani ili anayesubiri ajue anamsubiri nani. Orodha hiyo inasukuma kuliko faini. Anayechelewesha anakutana na mwenzake darasani.

Kubipu kulifaa kuliko ilivyotarajiwa, isipokuwa simu ya maktaba ilikuwa ya karani binafsi, na alipokuwa likizo hakuna aliyesogeza tarehe. Laini iwe ya maktaba, ikae mezani na daftari lake.

Kuhusu barua zilizosomwa darasani, hakuna cha kupima faida na hasara. Kumbukumbu ya anayeazima nini na anayedaiwa nini ni siri kati yake na maktaba. Kumbusho liende kwa msomaji au mdhamini, kwa mkono au kwa simu, litaje jina la kitabu na siku kilipotakiwa, na kiasi cha fedha kiachwe nje kabisa.

Lililobaki bila kuguswa ni amana. Kamati ilijadili faini vikao vitatu, na hakuna aliyeigusa ile Sh 5,000 ya kujiunga, ambayo ni zaidi ya faini iliyomkwamisha msichana huyu siku ya 38. Daftari la wadaiwa linaonyesha walioingia wakakwama. Walioishia mlangoni kwa kukosa amana hawamo kwenye daftari lolote, na mkutubi ameanza kuwahesabu: kila anayeuliza masharti na kuondoka bila fomu anapigiwa mstari mmoja kwenye karatasi iliyo chini ya meza. Karatasi hiyo itapelekwa kwenye kikao kijacho.